Filta Iliyopanguswa kwa Shati

Fundi alitoka Dar kuja kukagua mashine ya CD4 ya maabara ya hospitali yetu, ile inayohesabu seli za kinga kwenye damu. Tulimngoja tangu asubuhi. Akafika alasiri, buti zimejaa vumbi la kreta, kule kwenye hifadhi ya wanyama. Alipitia kwanza kutazama simba.

Mimi ndiye niliyeomba aje. Majibu ya wagonjwa wetu wa VVU yalikuwa yanashuka bila sababu, kana kwamba wameacha dawa. Mama mmoja wa kijiji cha Kansay, anayemeza dawa zake bila kukosa, aliulizwa na nesi mbele ya foleni nzima, "Wewe dawa unawapa kuku?" Akalia pale pale. Mimi nikashuku filta, kioo kidogo kinachopitisha mwanga wa rangi moja tu. Kikichakaa, mwanga hufifia na seli nyingine hazihesabiwi.

Fundi aliichomoa kwa vidole vitupu. Nikaiinua dirishani: utando wake umebanduka kama rangi ya ukuta ulionyeshewa. Akaninyang'anya, akaipangusa kwa shati lake, akairudisha.

"Iko poa, dada."

"Poa? Hujaona ilivyobanduka?"

"Itakufikisha servisi ijayo. Punguza jazba."

 Nikapitisha kwenye mashine chembe za majaribio, ambazo mng'ao wake tunaujua. Kwenye skrini zilionekana hafifu, kama taa ya betri iliyokwisha.

"Na hizi nazo," nikamwambia, "hazimezi dawa?"

Akatoka kwenda garini, akarudi na filta mpya. Alikuwa nayo garini muda wote! Akaifunga, chembe zikang'aa vizuri, akaondoka bila hata kusema pole.

Wiki iliyofuata nilimtoa yule mama damu upya. Majibu yakawa mazuri.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo?"

"Hukuwa mwongo, mama. Mashine ndiyo ilikuwa mbovu."

"Basi kamwambie yule nesi. Nitamsubiri hapa."

Nilimkuta nesi anakunywa chai. Nikamweleza yote, nikamwomba aje amtake radhi.

"Si mashine ndiyo ilikosea? Mimi nimekosa nini?"

"Mashine haikusema kuku."

Akachovya andazi lake. Mama alisubiri kwenye benchi hadi gari la Kansay likapiga honi, akajifunga kanga vizuri, akaenda. Mpaka leo nesi yule tunasalimiana, kazi ni kazi. Lakini chai yake siinywi.