Safu Iliyobaki Ubaoni

Siku ya kwanza Kimya kumwona Vanishi, alimkuta anakula. Ilikuwa saa mbili kasoro asubuhi, karakana ya samani ndiyo kwanza inafunguliwa, na mgeni huyo aliyeajiriwa kupaka vanishi alikuwa amekaa juu ya gogo, mkate na yai la kuchemsha mapajani, anatafuna bila haraka. Tajiri akamwuliza amekuja kazini au harusini.

"Nimekuja kazini, tajiri," akajibu. "Ila tumbo nalo limenifuata, sikuwa na pa kuliacha."

Mafundi wakacheka. Kimya hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa mashine yake, anasubiri kizunguzungu kipite.

Jina hilo la Kimya alipewa na wenzake, naye hakulipinga, maana kulipinga kungehitaji maneno. Mwaka wa kumi na nane huo alikuwa akipasua mbao kwenye msumeno wa mashine. Msumeno ukinguruma hakuna anayekutaka uzungumze, na mtu mwenye haya kama yeye hapo ndipo alipopatia heshima yake. Mbao aliyoikata yeye haikupimwa mara ya pili. Mtaani mkewe aliitwa mke wa fundi msumeno. Kwa hiyo alipogundulika kuwa na kisukari, miezi minne nyuma, hakumwambia mtu kazini. Tajiri alikuwa na sheria moja tu: mgonjwa hagusi mashine. Fundi mmoja wa randa aliwahi kuanguka kifafa, akahamishiwa getini, na getini akazeekea.

Mchana ule Vanishi alimfuata nyuma ya rundo la mbao.

"Mdogo wangu, asubuhi ulikuwa unatetemeka. Unachoma sindano?"

Vanishi akapandisha shati, akaonyesha tumbo lenye vidoti vidogo. "Mimi mwaka wa tisa huu. Sema tu, hapa anayesikia ni mchwa."

Ikamtoka kidogo kidogo, kama msumari wenye kutu. Kila siku saa kumi na mbili alijichoma sindano pajani, kisha akatembea dakika hamsini mpaka kazini bila kutia kitu mdomoni. Aliamini kutembea na njaa ndiko kunakoiunguza sukari. Chakula chake cha kwanza kilikuwa chai ya saa nne.

"Loo. Wewe huitibu sukari, unaifukuza nchi," Vanishi akasema. "Dawa inaishusha, miguu inaishusha, na tumbo tupu. Itabaki na nini?"

Akamweleza kama alivyofundishwa na nesi. Ukitaka kutembea choma tumboni, maana paja linalofanya kazi huinywa dawa upesi. Kula kwanza, acha kama saa moja ipite, ndipo utoke. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya tano, ongeza kitu tumboni kwanza, na ikiwa imepanda mno, siku hiyo pumzika. Na mfukoni usikose sukari, hata ukienda chooni. Kimya aliuliza kliniki, nesi akamwambia rafiki yako anajua.

Tangu hapo wakawa chanda na pete. Kwa kuwa fundi huandika juu ya mbao, walichukua kipande cha ubao wakakigawa kwa mstari katikati: safu ya kushoto ya Kimya, ya kulia ya Vanishi. Kwa penseli iliyokaa sikioni waliandika saa waliyokula, saa waliyotembea, na sukari ilisomaje. Ubao ulikaa nyuma ya mota ya msumeno, na aliyejua ulipo ni wao wawili. Saa moja baada ya chakula cha mchana waliomba ruhusa ya robo saa, eti kunyoosha miguu, wakazunguka ua wa mbao huku wapiga randa wakiwaita maharusi. Miaka miwili. Mambo ambayo Kimya hakuwahi kumwambia mkewe, Vanishi aliyasikia katika mizunguko ile.

Kisha ikaja kazi ya madawati ya shule, mia tatu, na tajiri akataka msumeno uwake saa kumi na mbili alfajiri, chai ikasogezwa mpaka saa tano. Kimya akarudia yale yale: sindano, barabara, tumbo tupu. Angeweza kuomba nusu saa ya kula, lakini angeulizwa kwa nini. Vanishi alimgombeza mara tatu, naye mara tatu akaitika, "Kesho, kaka." Ila kwenye ubao hakudanganya, aliandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Asubuhi moja mikono ilianza kumcheza mbao ikiwa katikati ya meno ya msumeno. Vanishi alitoka chumba cha rangi mbio, akazima umeme, akamtilia sukari mdomoni kama mtoto. Walipopima, ilisoma tatu nukta moja.

"Kaka, hili lisitoke," Kimya akasema alipopata sauti.

"Litoke liende wapi? Mimi ni kaburi."

Siku ya nne tajiri akamwita ofisini. Ubao ulikuwa juu ya meza. Safu ya kushoto ilikuwepo yote, herufi zake mwenyewe, nadhifu kama alivyofunzwa darasani. Ya kulia haikuwepo. Ilikuwa imepigwa msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, laini, na kazi safi kama ile pale uani ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Tajiri alisema maneno mengi, hata ya upole. Kimya alisikia machache: msumeno atashika mwingine, yeye atapanga mbao stoo, mshahara ni ule ule. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ile nusu tupu, na hakuna hata kibanzi kilichomchoma.

Alimkuta Vanishi anapaka dawati. Njiani alikuwa amepanga maneno kama kumi hivi. Yaliyofika ni matatu.

"Safu yako je?"

Vanishi alichovya brashi, akaikung'uta ukingoni mwa kopo mara mbili. Baadaye walifanya kazi ua mmoja miezi saba, wakipishana mlangoni bila salamu, mmoja akila na kutembea saa yake na mwingine saa yake, mpaka Vanishi alipopata kazi kwingine akaondoka. Lakini maneno ya mwisho aliyomwambia ni ya siku hiyo, na aliyasema taratibu, akifuata mkondo wa mbao:

"Wewe ulikuwa na msumeno, mdogo wangu. Mimi nina brashi. Brashi haikati mtu."