Mama Atuganile na Makasha ya Bwana Holm

Watu wakimsifu mama yangu kwa uvumilivu, mimi hunyamaza, maana naijua wiki moja ya mwaka 1955 ambayo uvumilivu ulimwishia kabisa.

Mama, Atuganile, alikuwa bado mke kijana kwenye vilima vya juu ya Ilomba, kando ya mji wa Mbeya. Baba, Saulo, alikuwa amekwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini, naye mama akabaki kwa wakwe zake, akilima viazi na kusoma darasa la ubatizo. Alisoma miaka miwili, jua na mvua. Kilichobaki ni kuhojiwa na mmisionari, Bwana Holm, kisha abatizwe Jumapili pamoja na wenzake.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba Bwana Holm na mkewe wanakwenda kwao ng'ambo, likizo, zaidi ya mwaka. Atakayeshika nafasi yake yuko Iringa, ana makanisa yake tele kule, na huku kwetu atafika akijaliwa. Asiyebatizwa Jumapili hiyo angengoja mpaka Bwana arudi.  Mama alikuwa ameutamani ubatizo ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitamani.

Ungedhani jambo lenyewe ni jepesi: unakwenda, unahojiwa, unarudi kupalilia. Lakini Bwana Holm alihoji watu barazani kwake, na wiki ile baraza lilikuwa limetekwa na babu yangu Yotamu. Babu alikuwa mzee wa kanisa na tena seremala, akapewa kazi ya kutengeneza makasha ya safari. Alifika umande haujakauka, akaondoka giza likiingia, na chakula alikula palepale juu ya vumbi la mbao. Naye ndiye baba mkwe wa mama.

Kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Hawapiti njia moja, hawatazamani, hawasemezani. Akitokea upande ule, wewe unaingia majanini na kujifunika mpaka apite. Si chuki, ni heshima, na ikivunjwa aibu ni ya wote wawili. Hata kanisani walikuwa wamejipangia: babu alikaa mbele kabisa bila kugeuka, mama akakaa nyuma karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza, yeye yuko nje.

Jumatatu mama akaoga, akajitanda kaniki yake safi, akapanda kilima. Alipofika kwenye shamba la kahawa la misheni akauona mgongo wa babu, na randa inakwenda mbele na kurudi. Akazama katikati ya mibuni. Akangoja babu ainuke, hata kwenda kujisaidia. Babu hakuinuka, sijui tumbo lake lilikuwa la namna gani. Jioni mama akarudi nyumbani na njaa, majani yamemjaa kichwani. Jumanne ikawa vilevile, na upepo wa Julai ukimpiga mbavuni.

Huko barazani nako hakukuwa na amani. Watu walifika kuaga na kuku na mikungu ya ndizi, kila mmoja akitaka kuketi, na kuku wakaingia ndani ya makasha. Bibi Holm alipanga sahani, akazitoa, akazipanga upya. Katikati ya fujo hiyo Bwana Holm akauliza Atuganile yuko wapi. Mtu akamjibu kwamba amemwona amejificha kwenye mibuni. Bwana akakunja uso, akasema kumbe anaogopa kuhojiwa, moyo wake hauko tayari.

Maneno hayo yalimfikia mama, naye akaumia. Jumatano akamwomba mama mkwe wake, Lea, amwambie mzee atoke pale kidogo tu, hata kwa kisingizio cha kwenda kunoa patasi. Lea akaenda kuongea na mumewe, akarudi na jibu ambalo linaniudhi mpaka leo. Babu hawezi kuondoka, maana Bwana anamharakisha na atamwuliza sababu. Na sababu hawezi kuitaja. Mwaka uliotangulia, katika kikao cha wazee, Bwana Holm aliuliza kama wako Wakristo wanaoendelea na desturi hii ya kukwepana na wakwe. Babu alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kwake imekwisha, na kwamba yeye na mkwe wake wanakula meza moja. Seremala mzima, na nyumbani kwake meza yenyewe haikuwapo.

Kwa hiyo mama akose ubatizo ili uongo wa babu usijulikane! Mama alitupa jembe chini.

"Mama," akamwambia mkwewe Lea, "nimesoma miaka miwili. Sitamngoja mzungu avuke bahari na kurudi kwa sababu ya misumari."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuhoji. Safari hii mama hakuzama. Alisimama ukingoni mwa mibuni, amejifunika uso, ameligeuzia baraza mgongo, akaita kwa sauti kwamba amekuja kuhojiwa. Bwana Holm akamwambia apande barazani kama wenzake. Mama hakusogea. Nyundo ya babu nayo ikanyamaza.

Bwana akamtazama huyu, akamtazama yule. Akamwuliza babu kama huyo siye mkwe anayekula naye meza moja. Babu akainamia misumari yake. Bwana alikuwa amechoka na wiki yake. Akasema hana nafasi ya michezo: Atuganile apande sasa hivi, la sivyo atangoja mpaka likizo iishe.

Basi babu akaweka nyundo chini. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili, akaingia ndani ya kasha kubwa la matandiko ya Bibi Holm, akachuchumaa na kujivutia kifuniko.

"Bwana," akasema kutoka ndani, "mhoji."

Mama aliposikia kifuniko kimekaa, akageuka na kupanda barazani. Akaulizwa amri, akazisema. Akaulizwa imani, akaisema yote bila kukwama, na kasha likikohoa kwa vumbi la mbao. Likabaki swali la mwisho, ambalo kila mtu huulizwa: je, ameziacha desturi za zamani?

"Hii sijaiacha," mama akasema. "Na aliyemo ndani ya kasha hajaiacha."

Bibi Holm akaweka sahani chini. Bwana akajifuta uso. Akasema kwamba wote aliowahoji wiki ile walimjibu kuwa wameacha kila kitu. Akamwambia mama afike Jumapili mapema. Kisha akagonga kifuniko kwa vidole.

"Mzee Yotamu, toka. Tumemaliza."

"Bado," sauti ikajibu. "Mpaka aende."

Mama akashukuru, akashuka ngazi. Akasimama, akaifungua kaniki yake na kuifunga upya. Njia ya kutoka misheni ni fupi, na yote inaonekana kutoka barazani. Mama anasema aliipita polepole sana.