Sioni Kitu

Walimwita Paka, si kwa wizi wa kitoweo, bali kwa jinsi alivyokanyaga mabati. Mafundi wengine wakipita juu ya nyumba, waliomo ndani hudhani gunia la mawe limemwagwa. Yeye alipita, na mtoto mchanga akaendelea kulala. Ndiyo maana mtu akitaka kununua nyumba aliambiwa: mpeleke Paka kwanza. Ukuta hupakwa rangi ukadanganya, lakini paa halikujua kumdanganya Paka.

Uchunguzi wake ulihitaji jua kali. Aliingia darini, akaagiza kifuniko kifungwe, akangoja macho yazoee giza. Kila msumari uliolegea, kila bati lililoliwa na kutu, huachia chembe ya mwanga. Chembe hizo aliziita nyota. Akiziona, alitangaza zilipo: "Iko moja juu ya jikoni! Nyingine hii hapa, chini ya kofia ya paa!" Paa likiwa zima alipaza sauti mara moja tu, "Sioni kitu!", na mnunuzi huko chini akashusha pumzi.

Mdogo wake wa kike alikuwa mshonaji, mjane wa mwaka ule. Kiinua mgongo cha marehemu mumewe kilikuwa kimetoka, na mashemeji walishaanza kukizunguka kama nzi na kidonda.

"Kaka, nikilala watakila," alimwambia. "Nimepata nyumba. Wewe niangalie paa tu. Nyumba hii ikiniangusha, mimi na wanangu hatuna pa kuinukia."

Hakujua kwamba Paka hakuwa amepanda paa tangu mvua za mwaka uliopita. Watu aliwaambia ni goti. Goti lilikuwa zima kama la kijana. Kilichomwingia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu ulioanzia pembeni ukaja kuketi katikati kama mgeni asiye na haya. Nyuso alizitambua kwa sauti. Chai aliimimina huku akisikiliza kikombe. Na mdogo wake huyu, aliyemlea tangu mama yao alipozikwa, angemwambiaje kwamba aliyekuwa akimshika mkono kuvuka barabara sasa anavuka kwa kubahatisha? Alijipa moyo: mwanga gizani ni kitu kingine, hata jicho bovu huuona.

Dalali aliwapokea mlangoni kwa maneno mengi. Paka alinusa hewa.

"Bati limepakwa rangi lini?"

"Juzi, mzee wangu. Bibi harusi hatoki bila poda!"

Mdogo wake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na kicheko kile kikamziba Paka mdomo.

Alipanda. Kifuniko kikafungwa. Joto la darini lilimkaba shingo. Alipapasa mbao za kenchi zinazobeba bati, zilikuwa kavu, na zingekosaje kukauka, mawingu yenyewe yalikuwa yameusahau mji. Akainua uso. Giza. Akangoja kama alivyongoja maisha yake yote. Giza. Akafumba macho, akafumbua, na hakukuwa na tofauti. Hapo akaelewa kuwa giza lile halikuwa la paa.

"Sioni kitu!"

Sauti ilimtoka yenyewe, kama ya mtu aliyeteleza. Chini yake makofi yakalia.

"Si nilikwambia, mama?" dalali alisema. "Bati hili, mvua yenyewe hubisha hodi!"

"Asante, Mungu," mdogo wake alisema, na Paka akasikia analia.

Mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko. Neno moja lingetosha. Alikaa nalo mdomoni mpaka likageuka mate, akalimeza, akashuka. Mdogo wake akamkumbatia na vumbi lake lote.

"Hata nyota moja, kaka?"

"Sikuona," alisema Paka.

Mvua ya kwanza baada ya mdogo wake kuhamia ilikuja mchana. Paka aliisikia juu ya nyumba yake na hakungoja kuitwa. Alitoka bila mwavuli, akishika ua huu na ukuta ule, akiulizia njia aliyoijua. Mlangoni kwa mdogo wake alisimama akisikiliza. Maji yalikuwa yakidondoka kila chumba, penye sufuria yakilia, penye kitambaa yakinyamaza. Penye kitambaa ndipo palipomuuma.

"Umekuja, kaka!" Mdogo wake alikuwa akiburuta cherehani. "Tazama nguo za watu! Dalali ni jambazi yule. Ametuma mtu kuja kutoboa. Kaka yangu hakosei, nimewaambia majirani wote. Nitampeleka mbele ya sheria, na wewe ndiye shahidi wangu. Uliliona paa kwa macho yako."

"Mdogo wangu, halikutobolewa. Lilikuwa hivi hivi."

"Si ulisema huoni kitu?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Nilikuwa nakuambia kwamba sioni."

Cherehani ikaacha kuburutwa. Paka alihisi upepo mdogo usoni, akajua kiganja kimepita mbele ya macho yake, kikarudi.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Alimsubiri apige kelele. Hakupiga.

"Ungeniambia, ningepanda mwenyewe," alisema taratibu. "Mimi macho ninayo, kaka. Ningeziona nyota."

Kutoka chumbani mtoto akaita, "Mama, kitandani nako kumeingia!"

Mdogo wake akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta kupita madimbwi ya sebuleni. Hakumvuta kwa upole. Akamkalisha pembeni, pahali pekee palipokuwa pakavu, akamtupia mapajani rundo la nguo za wateja, zito kwa maji.

"Kamua," alisema. "Mikono si unayo?"

Akaingia chumbani na beseni. Paka akashika nguo ya kwanza, akaisokota, maji yakamwagika miguuni. Akashika ya pili. Gauni au shati, nyeupe au nyekundu, hakujua. Alikamua.