Aliyezikwa Bila Watani

Majuzi nilikuwa kwenye duka la asali pale Makanyagio, akaingia mwigizaji wetu, yule Msukuma anayeandika mwenyewe tamthilia zake za runinga na michezo ya jukwaani. Mama muuzaji, Mnyamwezi, akaweka kopo chini na kushika kiuno.

"Wewe si ulizikwa kwenye tivii wiki iliyopita?"

"Nilizikwa, mama."

"Nani aliandika msiba ule?"

"Mimi mwenyewe," akajibu kwa kujidai.

"Basi uliandika uongo. Msukuma anazikwaje bila mtani wake Mnyamwezi kuzuia jeneza kwa mzaha mpaka apewe chochote? Nyie waandishi mnazika watu kama kuku!"

Akaziba mlango kwa mikono, akaiga mwendo wa madaha wa huyo marehemu wa kwenye tivii mpaka wateja tukashika mbavu. Mwigizaji hakucheka. Alitoa daftari, akaandika.

Jumamosi iliyofuata alileta kisa hichohicho jukwaani, kwenye ukumbi wa kule Shanwe. Safari hii jeneza lilizuiwa, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vicheko. Aliyelizuia alikuwa mama wa asali, akiwa na aproni yake ya dukani.

Wengi humsifu kwa anavyojua kufa. Mimi namsifu kwa kukubali kuzikwa upya.