Apolot Aenda Kumwona Velma Akicheza

Miaka tisa Velma alikuwa akicheza mpira Nairobi, na mama yake hakuwahi kumwona uwanjani hata siku moja. Kwanza Apolot hakutaka. Msichana wa kwao Angurai kukimbiza mpira mapaja nje aliona ni aibu, na viatu vya kwanza vya mtoto alivitupa chooni kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye moyo ulipolegea, kukawa na shamba, kukawa na chai na mihogo anayowauzia madereva wa malori pale mpakani Malaba, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia.

Halafu Velma akapiga simu.

"Mama, goti limekataa. Kocha amenipea mechi moja ya kuaga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa."

"Nitakuja," Apolot akasema.

Safari ilipangwa penye jiko la chai. Wifi yake Amongin, ambaye huuza naye, ndiye aliyeuliza.

"Na utalala wapi?"

"Silali. Nafika asubuhi, naona mtoto, narudi na basi ya jioni."

"Huo mgongo wako ni wa lori?"

"Utavumilia."

"Si kuna yule dada wa kanisa alihamia Nairobi, Kayole? Mpigie tu, ikitokea kitu."

"Mechi haizidi saa mbili, Amongin. Nisumbue mtu kwa saa mbili?"

Nyumba ya Velma hakuna aliyeitaja. Velma na mumewe Levis, kijana wa Bukhayo upande wa Busia, wanakaa chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia. Ng'ombe wa mahari hawajaletwa. Na hata wangeletwa, mama hawezi kulala anapolala mkwe wake, wala hicho kitanda hafai kukiona. Husemwa kwamba mama akivunja mwiko huo, ubaya humwangukia binti na uzazi wake. Velma alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili.

Jumamosi Levis alimpokea stendi. Alisimama mbali kidogo, macho chini, akamsalimia kwa heshima, akambebea mfuko wa karanga alizomletea Velma. Mpaka saa nane jua lilikuwa kali. Apolot alikaa kwenye ngazi za saruji, leso mpya kiunoni, akawaona wasichana wakitoka kunyoosha miguu. Velma alivaa namba sita. Alikimbia kutoka mstari mmoja hadi mwingine, goti limefungwa bandeji, akarudi, akainua mkono kuelekea ngazi. Apolot naye akainua wake.

Ndipo mvua ikaja. Ilinyesha saa nzima kama iliyotumwa. Refa aliingia na mpira, akaudondosha katikati ya uwanja, ukakaa papo hapo ndani ya maji. Mechi ikasogezwa hadi kesho yake, saa nne asubuhi.

Apolot alimpigia yule dada wa Kayole.

"Uii, mama, mimi niko nyumbani, huku kijijini, kwa matanga. Ungeniambia mapema ningekuachia funguo."

Kwenye ploti anakopanga Velma alikataa kupita mlango. Alikaa kwenye stuli chini ya bati, karibu na mfereji, leso ikichuruzika maji. Levis akasema kuna gesti hapo barabarani, atalipa. Apolot alitikisa kichwa. Tangu awe mjane hajawahi kulala gesti. Malaba aliwajua wanawake wanaolala gesti na majina wanayoitwa.

"Basi mama, mimi nitalala kwa jirani," Levis alisema. "Nyumba iwe yako na Velma."

"Baba, hicho kitanda ni chako hata ukilala Busia."

Velma alichuchumaa mbele yake, bado na jezi. "Mama, hapa ni Nairobi. Hakuna mtu wa Angurai atakuona."

"Kwani mimi natoka wapi?"

"Mama, ni kesho tu. Ni usiku mmoja."

Apolot aliliangalia tumbo la binti yake, bapa chini ya jezi yenye maji. "Nimeshakata tikiti ya kurudi," akasema tu.

Velma akasimama, akaingia ndani, na pazia likasikika likivutwa.

Jumapili saa nne Apolot alikuwa Malaba, hakwenda kanisani, simu imebanwa sikioni. Levis alikuwa uwanjani, akimsimulia kwa ile sauti yake ya adabu. "Mama, amepata mpira. Amempea mwenzake. Sasa amerudi nyuma." Kelele za watu zilifunika maneno mengine. Dereva mmoja aliuliza chai kama ipo, Amongin akamwonyesha kwa kidole anyamaze.

"Mama, wanamtoa. Ni goti. Wote wamesimama, wanampigia makofi. Na wale wa timu ingine pia."

Apolot alisikia kitu kama mvua juu ya bati. Kikadumu, kikapungua, kikaisha. Baadaye simu ilibadilisha mkono, na upande ule mtu akawa anapumua kwa nguvu. Alikuwa analia.

"Velma."

Kilio kikaendelea.

"Umevaa sweta?"

"Hapana."

"Vaa sweta, mwanangu. Una jasho."

Velma alisema atavaa. Amongin akachukua kikombe, akamhudumia dereva.