Folda Iliyofunguliwa kwa Wote

Sidi Chome anaishi Tiwi. Kazi yake ni kutunza kompyuta inayoendesha pampu ya mradi wa maji ulio nje ya Kinango, naye huingia humo kutoka mbali, akiwa nyumbani kwao. Juma lile, kumbukumbu za mfumo zilimwonyesha watu wasiojulikana wakibahatisha nenosiri maelfu ya mara kwa siku. Nenosiri lenyewe lilikuwa limebandikwa ukutani huko Kinango, ili wanakamati wote wanane wa mradi walipate sawa. Sidi alizuia lisitumike tena kuingilia kutoka mbali, akabakiza ufunguo wake wa kidijitali, faili iliyowekwa ndani ya kompyuta hiyo ili imtambue bila nenosiri. Aliujaribu mara mbili, ukakubali.

Kesho yake asubuhi na mapema programu ya pampu ilikwama, na ufunguo ukakataliwa. Alimpigia simu mzee Kavumbi, mwangalizi wa pampu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ng'ombe wamefika na birika ni kavu. Wewe umelala?"

"Sijalala, babu. Tafadhali keti mbele ya kompyuta, uandike nitakayokusomea."

"Kwa macho haya? Haya, polepole basi, mie si karani."

Alimsomea herufi moja moja. Mara tatu mzee alikosea, mara tatu wakaanza upya, na ng'ombe walisikika simuni wakilia. Hatimaye mzee alimsomea mstari wa mwisho wa kumbukumbu: ufunguo ulikataliwa kwa sababu folda ulimohifadhiwa ingeweza kubadilishwa na mtu yeyote.

"Babu, ni nani aliyeigusa kompyuta jana?"

"Katibu, Tembo. Kamati ilisema si adabu mmoja aingie na wengine wafungiwe nje. Akafungua kila kitu kwa wote."

Sidi alifumba macho kidogo. Kisha akamsomea amri moja tu, ya kuifunga ile folda. Akajaribu tena, akaingia, akaiwasha programu upya.

"Maji hayo!" mzee alipaza sauti. "Lakini kamati niwaambie nini? Mwenzao Chirau ameshaanza kununa."

"Waambie nitakuja Alhamisi. Kila mmoja nitamtengenezea ufunguo wake mwenyewe."

"Wote wanane? Hata Chirau, asiyejua hata kuiwasha?"

"Hata yeye, babu. Na ile karatasi ya ukutani, tafadhali ibandue sasa hivi, nikiwa ningali simuni."

Alisubiri mpaka aliposikia karatasi ikichanwa. Ndipo alipoweka simu chini, akarudi kulala kwa uchovu, bila hata kunywa chai.