Mashine ya Kupima Hamu ya Kufanikiwa

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba kuna mashine inayoona hamu ya mtu ya kufanikiwa kama daktari anavyoona mfupa uliovunjika. Gisenyi nzima ilisema wageni wa chuo kikuu waliofikia hoteli ya kando ya ziwa wanayo, wanazunguka nayo nchi kwa nchi, na atakayewazidi wenzake atapelekwa Ulaya kusoma bure. Dereva mmoja wa moto, hizi pikipiki za abiria, aliniapia kwamba inasoma hata kupitia koti.

Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na hamu yangu ingewasha taa za mji mzima, Goma nayo ikapata za ziada.

Ukumbini sikuona mashine. Nilikuta maswali tu, na dada mmoja aliyekulia Bukavu akiwatafsiria wageni. Bon, nikajisemea, mashine iko chini ya meza. Kwenye foleni watu walikuwa wameninong'oneza kwamba anayetaja ndugu anapunguziwa alama. Wageni wanapenda mtu anayesimama mwenyewe. Basi nilipoulizwa siku nikifanikiwa nitampigia nani simu kwanza, nikajibu kwa sauti ya waziri: hakuna. Nitafanya kazi na nani? Peke yangu.

Nilipotoka nje nikatafuta wa kumsimulia nilivyojibu vizuri. Sikumpata. Wenzangu wa darasani walikuwa wamevuka kwenda Goma au wamehamia Kigali, na chumbani kwangu kiti cha wageni kilikuwa cha kutundikia nguo.

Wiki hiyo dada yangu alinipigia kutoka Mudende. Niende tulime viazi pamoja, akasema, nyumba imekuwa kimya tangu afiwe na mumewe. Nikamjibu kwamba nasubiri kuitwa, naondoka karibuni. Msimu wa kupanda ukapita, akamwachia jirani shamba. Hakulalamika, aliacha tu kupiga. Nikawa nalala na simu kifuani, na ikilia ni kampuni ya simu inaniuzia vifurushi.

Mwishowe nikakutana na yule mtafsiri sokoni Mahoko, anachagua kabichi. Nikamuuliza wageni wanaita lini.

"Wanaita nani?"

"Mi. Yule aliyejibu 'peke yangu'."

Akairudisha kabichi taratibu.

"Kaka, hakuna mutu atachaguliwa. Hatukuwa tunapima nyinyi. Tulikuwa tunapima maswali, tuone kama inafaa kwa watu ya huku."